Wasomaji Wauliza: Kupima Ozoni Juu ya Bahari za Tropiki

Makala yetu fupi kuhusu maputo yanayorushwa visiwani kupima ozoni iliwaacha wengi na maswali. Mengine yametoka kwa walimu na wanafunzi, mengine kwa watu ambao bila shaka wamekwisha kuishika sonde, kile kifaa cha kupimia kinachobebwa na puto, mikononi. Tumeyachagua yafuatayo, na pale mwulizaji alipotaka vipimo tumempa vipimo.

SWALI: Tunavyosikia, ozoni inaharibika kwenye ncha za dunia, na ozoni chafu iko mijini. Kuna haja gani ya kuipima katikati ya bahari ambako hata moshi hakuna?

JIBU: Haja iko hapohapo, katika kutokuwepo kwa moshi.

Tuanze juu. Karibu asilimia 90 ya ozoni yote imo kwenye stratosfia, tabaka la angahewa lililo juu ya lile tunamoishi. Sehemu kubwa huzalishwa juu ya tropiki kwa sababu ya jua kali, kisha mikondo ya hewa huisukuma kuelekea ncha za dunia. Ndiyo maana ozoni ya juu ya ikweta ni nyembamba: kwa kawaida vipimo vya Dobson 250 hadi 280, wakati wastani wa dunia ni karibu 300. (Kipimo kimoja cha Dobson ni unene wa mia moja ya milimita, kama ozoni yote iliyo juu ya kichwa chako ingeshushwa hadi usawa wa bahari kwenye nyuzi sifuri. Kwa hiyo 260 ni milimita 2.6 tu.)

Sasa tushuke chini, kwenye troposfia, tabaka la hewa tunamoishi. Hewa ya bahari ya tropiki ina jua kali, mvuke mwingi wa maji na oksidi chache sana za nitrojeni. Mwanga wa urujuanimno huipasua ozoni, atomu ya oksijeni iliyochangamka humvaa mvuke wa maji, na zinazaliwa radikali za haidroksili, zile zinazoisafisha hewa kwa kula methani na kaboni monoksidi. Bahari ya tropiki ni dobi wa angahewa, na ozoni ndiyo sabuni yake. Usipojua sabuni imebaki kiasi gani, huwezi kueleza methani inadumu hewani kwa muda gani.

Isitoshe, bahari hizi hazifanani. Ozoni ya troposfia juu ya Atlantiki ya kusini, hasa Septemba na Oktoba, hufikia mara mbili au zaidi ya ile ya Pasifiki ya magharibi. Jack Fishman na wenzake waliliona hilo kwa setilaiti miaka ya 1980, na kwanza wakaelekeza kidole kwenye moto wa misitu na nyika wa Afrika na Amerika ya Kusini. Moto umo, lakini hautoshi. Mwanzoni mwa 1999 meli ya utafiti Ronald H. Brown ilivuka Atlantiki kutoka kaskazini kwenda kusini ikirusha sonde njiani. Msimu ule moto ulikuwa unawaka kaskazini mwa ikweta, lakini ozoni nyingi zaidi ya troposfia ilikutwa kusini. Radi zinazotengeneza oksidi za nitrojeni, pamoja na hewa inayoshuka taratibu juu ya Atlantiki, zina mchango mkubwa. Upande wa Pasifiki ya magharibi hewa hupanda kwa nguvu ndani ya mawingu makubwa, ikiibeba hewa ya baharini isiyo na ozoni hadi juu kabisa.

Bahari ya Hindi ina tabia yake, na wasomaji wanaojua pepo wataielewa upesi. Wakati wa kaskazi, hewa yenye moshi wa Asia ya Kusini husukumwa baharini hadi karibu na ikweta. Ndicho kilichochunguzwa na mradi wa INDOEX mwaka 1999, Maldives ikiwa mojawapo ya vituo vyake. Wakati wa kusi, inaingia hewa safi ya kusini.

Ili kuyaona haya kwa mfululizo, mwaka 1998 ulianzishwa mtandao wa SHADOZ chini ya Anne Thompson wa NASA. Una vituo vya visiwani kama Samoa, Fiji, San Cristóbal ya Galápagos, Ascension na Réunion, na vya bara kama Natal (Brazili), Irene (Afrika Kusini) na Nairobi.

SWALI: Mimi ni mwalimu wa kemia. Naomba maelezo kamili ya jinsi sonde ya ozoni inavyofanya kazi na inavyoandaliwa, bila kurukaruka.

JIBU: Sonde inayotumika sana ni ya kikemia, iliyobuniwa na Walter Komhyr nchini Marekani miaka ya 1960. Ni kisanduku cha povu gumu jeupe. Ndani mna pampu ndogo ya tefloni, vyumba viwili vyenye elektrodi za platini, na betri. Vyumba hivyo vimeunganishwa na daraja jembamba linalopitisha ayoni. Kisanduku hufungwa pamoja na rediosonde, ambayo hupima joto, unyevu na mahali, na kutuma kila kitu ardhini.

Chumba cha kathodi kina mmumunyo hafifu wa ayodidi ya potasiamu. Cha anodi kina mmumunyo huohuo ulioshibishwa ayodidi hadi fuwele zibaki chini. Tofauti hiyo ya ukolezi ndiyo inayosukuma mkondo, hivyo hakuna umeme wa nje unaohitajika. Pampu inapopuliza hewa kwenye kathodi, kila molekuli ya ozoni huachia molekuli moja ya ayodini, na ayodini hiyo huchukua elektroni mbili kwenye platini. Ukihesabu elektroni umehesabu ozoni.

Mmumunyo wa kathodi wa asilimia moja, kwa lita moja ya maji yaliyokenekwa, una gramu 10 za ayodidi ya potasiamu, gramu 25 za bromidi ya potasiamu, na chumvi mbili za fosfeti ya sodiamu za kushikilia pH: gramu 1.25 za ile yenye haidrojeni mbili (yenye molekuli moja ya maji) na gramu 5 za ile yenye haidrojeni moja (yenye molekuli 12 za maji). Tahadhari hapa: chumvi hizi huuzwa zikiwa na maji tofauti ya fuwele. Ukinunua ile yenye molekuli 7 badala ya 12, gramu 5 zinakuwa 3.73. Sonde za kampuni ya Science Pump zimependekezewa mmumunyo huu. Za kampuni ya EN-SCI zimependekezewa nusu ya kila kitu. Ukiweka mmumunyo wa asilimia moja kwenye EN-SCI, masomo yako yatazidi kwa takriban asilimia 4 hadi 5, kosa ambalo halitakupigia kelele.

Maandalizi ya kwanza hufanywa siku 3 hadi 7, au zaidi, kabla ya kurusha. Pampu na mirija hupulizwa ozoni nyingi kwa nusu saa vyumba vikiwa vikavu, ili kila kinachoweza kula ozoni kishibe kabisa. Halafu tia mililita 3 kwenye kathodi, subiri dakika chache daraja lilowane, ndipo utie mililita 1.5 kwenye anodi. Ukigeuza mpangilio, mmumunyo mzito wa anodi utapenya kuelekea kathodi na sonde haitatulia tena. Tumia bomba la sindano tofauti kwa kila chumba na uyaandike wazi. Kisha ipe ozoni ya kiasi cha mikroampia 5 kwa dakika 10, unganisha nyaya mbili za seli zigusane, na uihifadhi mahali safi penye giza.

Siku ya kurusha, badilisha mmumunyo na upime mambo matatu. Kwanza, mkondo wa msingi, yaani mkondo unaobaki hewa isiyo na ozoni ikipita. Tutaurudia chini kwa kirefu. Pili, wepesi: ondoa ozoni na uhesabu sekunde ambazo mkondo unatumia kushuka kutoka mikroampia 4 hadi 1.5. Ukipita sekunde 40, usiirushe. Tatu, kasi ya pampu kwa bomba la kioo lenye povu la sabuni: mililita 100 kwa sekunde 26 hadi 31 ni sawa. Rudia mara tano, chukua wastani, na uandike joto na unyevu wa chumba. Povu la sabuni huongeza mvuke kwenye hewa, na chumba kikiwa kikavu kwa sababu ya kiyoyozi, kasi unayoisoma inahitaji kurekebishwa kwa asilimia 1 hadi 3.

Halafu hesabu yenyewe. Kanieneo ya ozoni, kwa milipaskali, ni 0.04307 mara mkondo (baada ya kutoa mkondo wa msingi, kwa mikroampia), mara joto la pampu kwa kelvini, gawanya kwa kasi ya hewa kwa mililita kwa sekunde. Juu sana, ambako hewa ni nyembamba, pampu huchoka na huongezewa marekebisho yake kutoka kwenye jedwali.

Jambo la mwisho ni joto la kisanduku. Kwenye kanieneo ya hektopaskali 10, karibu kilomita 31, maji huchemka kwa nyuzi 7 tu za Selsiasi. Kwa hiyo mmumunyo unaweza kukuponyoka kwa baridi, ukaganda, au kwa uvuguvugu, ukachemka. Kisanduku kikizibwa vizuri, pampu hubaki kwenye nyuzi 20 hadi 35 sehemu kubwa ya safari na hali huwa shwari mpaka karibu na puto kupasuka.

SWALI: Kituo chetu ni cha kisiwani karibu na ikweta. Mara kwa mara ozoni inashuka chini ya sifuri kati ya kilomita 15 na 17, kisha inarudi vizuri. Sonde ni mbovu?

JIBU: Yaelekea sonde ni nzima, ila mkondo wa msingi mnaoutoa ni mkubwa mno. Hili ndilo kosa kuu la vituo vya tropiki, na namba zenyewe zinaonyesha kwa nini.

Chukua pampu ya mililita 100 kwa sekunde 28, joto la pampu kelvini 305. Mikroampia moja inakuwa sawa na milipaskali 3.7 hivi. Baharini chini, ozoni ikiwa sehemu 15 kwa bilioni, unapata mikroampia 0.41. Kilomita 25, kwenye kilele chenye milipaskali kama 14, unapata 3.8. Lakini kwenye kanieneo ya hektopaskali 100, takriban kilomita 16 na nusu, ambako mawingu ya radi yamepandisha hewa ya baharini, ozoni yaweza kuwa sehemu 20 tu kwa bilioni. Hiyo ni milipaskali 0.2, na mkondo wake ni mikroampia 0.054. Mkondo wa msingi wa sonde nzuri nao uko chini kidogo ya 0.05! Unatafuta sauti ya mtu anayenong'ona karibu na pampu inayonguruma.

Tuseme msingi wa kweli ni 0.03. Sonde itatoa jumla ya 0.084. Ninyi mlipima 0.10 ardhini mkaitoa: mmeingia chini ya sifuri. Kosa la 0.02 tu hapo linaleta takriban sehemu 7 kwa bilioni, wakati kwenye kilele cha kilomita 25 halifikii hata asilimia moja. Ndiyo maana jumla ya ozoni inaweza kuonekana nzuri kabisa huku kilomita 15 hadi 17 zikiwa takataka.

Kwa nini msingi unapanda ardhini? Sababu mbili hujirudia. Kichujio cha mkaa kimelowa unyevu na hakikamati tena ozoni yote ya chumba, hivyo "hewa isiyo na ozoni" yenu ina ozoni. Kibadilisheni, na mkihifadhi kikiwa kimezibwa pande zote mbili. Sababu ya pili ni kumbukumbu ya seli. Pamoja na mjibizo wa haraka wa sekunde 20 hadi 30, kuna mjibizo wa pembeni unaohusiana na chumvi za fosfeti, ambao hufifia kwa dakika 25 hivi. Ukipima msingi dakika 10 baada ya kuipa sonde ozoni, unachokisoma kwa sehemu ni masalio ya ozoni ya maabara.

Kwa hiyo pimeni mara tatu na kuandika zote: kabla ya sonde kupewa ozoni, dakika 10 baada yake, na pale uwanjani kabla ya kurusha. Ile ya kwanza ndiyo iliyo karibu zaidi na ukweli. Desturi ya zamani ya kuupunguza msingi kadiri puto linavyopanda, kwa dhana kwamba unatokana na oksijeni, imeachwa; msingi hushikwa vilevile safari nzima, na kumbukumbu ya seli husahihishwa peke yake. Zaidi ya yote, msifute namba hasi wala kuziandika sifuri. Hifadhini mikondo ghafi ya kila sekunde, joto la pampu na misingi yote mitatu. Rekodi za SHADOZ za miaka mingi zimeweza kuhesabiwa upya kwa sababu mtu fulani aliandika namba ambazo siku ile hazikuwa na maana kwake.

SWALI: Maputo yetu yanapasuka kwenye kilomita 17. Mengine yanafika 32. Tatizo nini?

JIBU: Baridi. Mpaka wa juu wa troposfia ya tropiki una nyuzi 80 chini ya sifuri au zaidi ya hapo, baridi kuliko hata ule wa juu ya ncha za dunia wakati mwingi wa mwaka. Mpira ulio mzee au uliokakamaa huvunjika hapo. Tumieni maputo ya karibuni, yaliyotunzwa gizani mbali na mota za umeme (cheche zake hutengeneza ozoni, nayo hula mpira), msiyashike kwa mikono mitupu, na rusheni mchana ili jua lipashe mpira. Baadhi ya vituo vinavyorusha usiku huchovya puto kwenye mafuta ya taa ili lilainike.

Angalieni na gesi. Puto la gramu 1,200 lenye mzigo wa kilo moja, ili lipande mita 5 kwa sekunde, linataka mita za ujazo 3 hadi 3.5 za heli. Mkizidisha, linapanda mbio na kupasuka mapema. Kamba isipungue mita 30, la sivyo sonde itavuta hewa iliyopakana na mpira wa puto, ambayo ozoni na joto lake vimevurugwa.

SWALI: Setilaiti zinapita kila siku. Maputo mawili au manne kwa mwezi yanaongeza nini?

JIBU: Yanaongeza wima. Setilaiti kama Aura, iliyorushwa 2004, na Sentinel-5P ya 2017, huona jumla ya ozoni vizuri sana, lakini ya kilomita chache za chini, hasa chini ya mawingu, hukisiwa kwa kiasi kikubwa. Sonde hupambanua matabaka ya mita 100 hadi 150.

Lakini utegemezi ni wa pande mbili, na hili hutajwa mara chache. Mwaka 2020 Ryan Stauffer na wenzake walichapisha kwamba kwenye karibu theluthi ya vituo walivyovichunguza, jumla ya ozoni ya sonde ilikuwa imeshuka kwa asilimia 3 hadi 7 ikilinganishwa na setilaiti tangu takriban 2013. Hewa haikubadilika, vifaa ndivyo vilivyobadilika. Bila setilaiti, mtu angeweza kuutangaza upungufu huo kuwa ozoni inayotoweka juu ya tropiki. Kila mara linganisha jumla ya sonde yako na ya setilaiti ya siku hiyohiyo, na uandike namba ya toleo la kila sonde.

Kuna pia dioksidi ya salfa. Kituo kilicho karibu na volkeno, kama Hilo kule Hawaii, hupata mashimo ya ghafla kwenye ozoni ya chini, kwa sababu kila molekuli ya salfa hiyo hufuta alama ya molekuli moja ya ozoni. Hapo usisahihishe. Weka alama kwenye data.

SWALI: Kipima ozoni chetu cha ufukweni kinaonyesha ozoni inashuka alasiri. Mjini huwa inapanda. Kimeharibika?

JIBU: Hapana, kinasema kweli. Mjini jua na moshi hutengeneza ozoni. Baharini jua huiteketeza, kwa hiyo kilele huwa karibu na alfajiri na bonde huwa alasiri. Mteremko huo ni wa sehemu chache tu kwa bilioni. Kituo cha Cape Verde kilionyesha, katika matokeo yaliyochapishwa 2008, kwamba bromini na ayodini zitokazo baharini huongeza uharibifu huo kwa karibu nusu ya kile kilichokadiriwa bila hizo.

Lakini hakikisheni mambo mawili kabla ya kusherehekea. Kipima hiki hutumia mwanga wa taa ya zebaki wa nanomita 254 na mrija wa tefloni unaoleta hewa kutoka nje. Chumvi ya bahari ikijaa kwenye kichujio cha mlangoni, ozoni huliwa hapo. Kibadilisheni kila wiki upepo ukiwa mkali, na mlinganishe somo kabla na baada. La pili ni kiyoyozi. Hewa ya nje ambayo mvuke wake hugeuka umande kwenye nyuzi 25 ikiingia kwenye chumba cha nyuzi 20, maji hutona ndani ya mrija, na mrija wenye maji hauleti ozoni kamili. Uzungushieni mrija kitambaa cha kupasha joto mpaka kwenye kifaa, au pandisheni joto la chumba.

SWALI: Sonde zikianguka baharini huishia wapi? Nikiiokota ufukweni nifanyeje?

JIBU: Hushuka kwa parashuti baada ya saa mbili hivi za safari, na nyingi za visiwani hazionekani tena. Ukiikuta, mmumunyo ulio ndani ni kidogo, mililita nne na nusu tu, na huacha doa la kahawia kwenye nguo. Tenga betri, usiifungue pampu, na usome kibandiko: vituo vingi huandika anwani, kwani pampu nzima inaweza kusafishwa na kurushwa tena.